Barazani kwa Hussein: Utani, Dini na Jirani Asiyealikwa katika Peponi

Tangu tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilipotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Peponi, imekuwa kitabu cha semina zetu. Kwa Kiingereza ilichapishwa mwaka 1994, mwandishi wake akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na sasa inasomeka katika lugha ambayo wahusika wake wengi ndiyo wanayoizungumza. Kila tunapofika kwenye mada ya dini, mjadala huishia mahali pamoja: Olmorog, juu mlimani, nyumbani kwa Hussein, ambako Waislamu wawili na Singasinga mmoja wanakaa usiku wakibishana juu ya pepo. Wenzangu wameliita onyesho hilo daraja la dini, na mmoja ameandika kwamba lingefaa kusomwa katika makongamano ya amani. Mimi nalipenda onyesho hilo, pengine kuliko wao. Lakini naona tunalisoma upesi mno, na tunasahau kuuliza ni nani ambaye hakukaribishwa pale barazani.

Ninasoma nikiwa mtu wa Kyondo, wilaya ya Kasese, kwenye milima iliyo juu ya Bwera. Sisemi hivyo kwa ajili ya kujitambulisha tu. Ng'ambo ya mpaka, katika Kivu ya Kaskazini, kuna Kyondo nyingine. Watu wa huko huitwa Wanande na sisi huitwa Wakonzo, na tunasikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo riwaya inayosimulia safari za wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani mpaka ng'ambo ya ziwa, ninaisoma kutoka upande ambao wanafika. Hiyo "bara" wanayoizungumzia kwa woga na kwa tamaa, kwangu mimi ni nyumbani. Huenda ndiyo sababu ninaona pengo ambalo msomaji wa Unguja au Mombasa anaweza kulipita bila kujikwaa.

Kwa asiyeisoma: Yusuf ana miaka kumi na miwili baba yake anapomtoa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Anakaa pwani akiuza duka pamoja na Khalil, kisha katika safari ya kwanza ya msafara anaachwa kwa Hamid Suleiman, mwenye duka katika mji mdogo wa bara. Rafiki mkubwa wa Hamid ni Harbans Singh, fundi wa mitambo, ambaye watu wote wanamwita Kalasinga. Jina hilo si lake peke yake. Afrika Mashariki ni jina la Singasinga yeyote, awe fundi, awe mwalimu, awe daktari. Mtu amepoteza jina lake kabla hata hajafungua mdomo, na hata hivyo haoni haya kukaa na waliompa hilo jipya. Hapo tayari tunaonyeshwa urafiki wa aina gani tunakwenda kuusoma.

Huko Olmorog wanafikia kwa Hussein, mwenye duka wa asili ya Unguja ambaye rafiki zake wanamfanyia mzaha kwamba amekuwa mtawa. Usiku wanazungumza. Bustani za peponi zinaelezwa na kubishaniwa, imani ya Kalasinga inasutwa, naye hakai kimya. Anawajibu kwamba wao wanamwabudu Mungu ambaye maneno yake hawayaelewi, kwa kuwa Kiarabu hawakijui. Kisha anatangaza mradi wake: ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili, ili wasikie wenyewe inasema nini. Rafiki zake hawamchukulii kwa uzito. Msomaji anacheka.

Swali la kwanza la mhakiki ni kwa nini tunacheka na kwa nini hakuna anayeondoka kwa hasira. Jibu la semina lilikuwa kwamba watu hawa hawajali sana dini, ndiyo maana wanapatana. Jibu hilo halisimami. Ni Hamid huyu huyu anayefadhaika anapogundua kwamba Yusuf, kijana mkubwa, hajui kusoma Kurani, na anampeleka chuoni akae na watoto wadogo. Nyumba nzima inaliona jambo hilo kuwa aibu na msiba. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa vuguvugu. Anavumilia maneno ya Kalasinga kwa sababu yanatoka kwa Kalasinga, naye ana haki ya kuyasema.

Haki hiyo ina jina katika lugha yetu: utani. Nasi tunaosoma fasihi simulizi mwaka wa kwanza huukariri utani kama kipera, tukataja Wazaramo na Wanyamwezi, tukapata alama, tukasahau. Lakini wanahistoria wanaufungamanisha utani wa makabila kwa kiasi kikubwa na misafara ya karne ya 19, yaani na dunia ile ile ambayo Gurnah anaisawiri ikiwa katika miaka yake ya mwisho. Wapagazi wa kutoka bara walifika pwani wakiwa wageni wasio na ndugu. Kutaniana kuliwapa ndugu. Mtani ana haki ya kukutukana, kuchukua kitu chako, kukucheka ukiwa na huzuni. Na kwa haki hiyo anabeba wajibu, hasa msibani, ambako yeye ndiye afanyaye kazi ambazo wafiwa hawawezi. Anayekutukana leo ndiye atakayekuzika kesho. Ukiusoma usiku wa Olmorog kwa kipimo hicho, matusi ya Kalasinga yanakuwa sehemu ya mkataba wao, na hakuna haja ya kuyaeleza kama hatari iliyoponea chupuchupu kuvunja urafiki.

Nina sababu ya kung'ang'ania jambo hili. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, jirani kabisa na Bwera, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, baadhi wakichomwa ndani ya bweni. Kundi hilo lilizaliwa katika miaka ya 1990 kutokana na muungano wa mabaki ya waasi wa NALU na vijana wa Tabligh, na shambulio lake kubwa la kwanza, Novemba 1996, lilikuwa papo hapo Mpondwe. Limevaa jina la Uislamu. Limewaua pia Waislamu: huko Beni, ng'ambo ya mpaka, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea waasi hadharani, alipigwa risasi msikitini wakati wa swala, Mei 2021. Lakini mtu aliyefiwa hana muda wa kutenganisha mambo hayo, na kwa majuma kadhaa baada ya Juni 2023 kila mwenye kanzu katika wilaya yetu alijua kwamba anatazamwa.

Mambo mawili niliyaona wakati huo. La kwanza ni mikutano. Padre alipewa dakika zake, mchungaji dakika zake, sheikh dakika zake, na wote walisema kwamba sisi ni watoto wa Mungu mmoja. Sidharau. Maneno hayo yalihitajika, na huenda yalizuia mkono wa mtu fulani. Ila katika mikutano hiyo dini yenyewe haikuguswa. Kila mmoja aliiweka ya kwake mlangoni kama viatu, akaingia na maneno ya jumla, akatoka akaichukua.

La pili ni soko. Kwetu Waadventista ni wengi, na kati yao na Waislamu kuna mzaha wa siku zote, maana wote hawali nguruwe. Mwenye duka la vitenge aliye Mwislamu humwambia mama anayeuza maharage, "Nyinyi Wasabato ni Waislamu mliochelewa siku moja." Naye mama hujibu bila kuinua macho kwenye mizani, "Na nyinyi, Hajji, ni Wasabato mliokosa subira ya siku moja." Baada ya shambulio mzaha huo ulinyamaza. Watu walisalimiana kwa adabu kubwa. "Habari za asubuhi, Hajji." "Nzuri, mama, za nyumbani?" Adabu hiyo ilinitisha kuliko ugomvi, kwa sababu ilikuwa adabu ya watu wanaoogopana. Siku niliyosikia tena habari za siku moja, nilijua kwamba kitu fulani kimepona. Hakuna kongamano lililoniambia hivyo.

Ndiyo maana nasema wenzangu wanaotaka onyesho la Olmorog lisomwe kwenye makongamano wanalitoa mahali pake. Kongamano ni mahali ambapo Kalasinga angeombwa akae kimya.

Sasa mradi wake wa tafsiri. Wengi wetu tuliupita kama kichekesho. Gurnah, nadhani, anajua zaidi ya wahusika wake. Hadithi inaishia Vita vya Kwanza vya Dunia vinapoanza, na wakati huo hapakuwa na tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Ilipotoka ya kwanza, mwaka 1923, mtafsiri hakuwa Mwislamu: alikuwa Godfrey Dale, kasisi Mwanglikana wa misheni ya UMCA. Yaani yale ambayo barazani kwa Hussein yanaonekana kuwa upuuzi wa fundi mitambo, miaka michache baadaye yalifanywa na kasisi, na kwa nia ambayo haikuwa mbali na ile ya Kalasinga: kuwaonyesha Waislamu kitabu chao kinasema nini, ili wahojiwe juu yake. Tofauti ni kwamba Dale hakuwa mtani wa mtu. Hakuandika kutoka kwenye mkeka wa rafiki.

Na bado tazama kilichofuata. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo Kaluta Amri Abedi, yule yule wa Sheria za Kutunga Mashairi, alishiriki kuifanyia kazi. Hiyo nayo ikawaudhi masheikh wa Kisunni, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeipinga vikali, akakamilisha yake, Qurani Takatifu, iliyochapishwa mwaka 1969. Kila tafsiri ilichokozwa na jirani asiyekubalika. Kiswahili kikabaki na hazina tatu. Sitaki kusema kwamba uadui ni mwema kwa kuwa umezaa vitabu, nasema tu kwamba jirani anayekuuliza kwa ukali, "unaelewa unachokisoma?", anaweza kukufanya ukisome. Kalasinga anauliza swali hilo mbele ya Yusuf, ambaye ndiyo kwanza anajifunza herufi. Ni mpangilio wa makusudi, na mhakiki anayemwita Kalasinga mchekeshaji tu amemnyima Gurnah nusu ya kazi yake.

Kwa msomaji wa Uganda jambo hili lina kovu zaidi, kwa kuwa kwetu lugha yenyewe iliwahi kuhukumiwa kwa sababu ya dini. Mmisionari Alexander Mackay, aliyefanya kazi Buganda mpaka alipokufa mwaka 1890, aliona Kiswahili kuwa lugha ya kuunganisha eneo zima. Askofu Alfred Tucker aliyekuja baadaye aliukataa mpango huo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1908, kwa hoja kwamba Kiswahili kiko karibu mno na Uislamu. Baadaye kikaja kujulikana kama lugha ya askari, na mwenye kukumbuka miaka ya 1970 anaweza kukueleza jinsi kilivyosikika usiku kwenye kizuizi cha barabarani. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima. Pamoja na hayo, niliporudi likizo ya kwanza jirani mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama nimesilimu. Alikuwa ameambiwa nasomea Kiswahili. Msikiti na lugha kwake vilikuwa kitu kimoja, kama vilivyokuwa kwa Askofu Tucker, na sidhani kwamba alipata kulisikia jina la askofu huyo.

Hapa ndipo ninapoanza kuachana na riwaya, au tuseme na riwaya kama inavyosomwa darasani. Barazani kwa Hussein Kiswahili ni cha wote watatu. Mwunguja, Mwislamu wa bara na Mpunjabi wanakutana katika lugha moja, wanatukanana ndani yake, wanapendana ndani yake. Lakini Olmorog si mahali patupu. Kuna wenyeji, wafugaji, ambao ndio wanunuzi wa duka la Hussein. Hao hawako kwenye mazungumzo ya usiku. Wanatajwa, wanaelezwa, wanafanywa visa. Katika kitabu kizima watu wa bara wasio na dini ya kitabu wanaitwa washenzi, na anayewaita hivyo mara nyingi ni mhusika tunayempenda. Khalil anasema hivyo. Wapagazi wanasema hivyo. Kalasinga mwenyewe, aliyenyang'anywa jina lake, hana aibu ya kuwadharau wenyeji. Utani wa Olmorog, kwa hiyo, ni utani wa wenye maduka. Ni wa watu ambao, pamoja na tofauti zao za dini, wote wamekuja kutoka mahali pengine kuuza kitu, na wote wanamwogopa Mjerumani anayeinyemelea biashara yao. Wana mengi ya kuwaunganisha kabla hata chai haijamiminwa.

Katika Kiingereza neno hilo, washenzi, linaweza kumfikia msomaji kama kitu cha kigeni, chenye vumbi la zamani. Kwa Kiswahili halina vumbi lolote. Linatumika leo, kwenye basi, kwenye foleni ya benki. Ukilisoma kwa sauti katika darasa la watoto wa Bwera, hulisomi peke yake. Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro mwaka 1962 wakidai kutambuliwa, baada ya miaka mingi ya kutendewa kama watu wa chini, na harakati za Rwenzururu zilizofuata zilidumu miongo miwili. Mlima ulikuwa tusi. Na Uislamu wenyewe haukutufikia kwa mazungumzo juu ya bustani za peponi peke yake: mwaka 1891 Lugard aliwapanga askari wa Kisudani, Waislamu wengi wao, katika ngome za chini ya Rwenzori, mojawapo ikiwa Katwe, kwenye chumvi. Mwislamu wa kwanza kuonwa na baadhi ya wazee wa huku alikuwa ameshika bunduki ya Mwingereza.

Kwa hiyo sura ambayo naiona kuwa kiini cha kitabu kuhusu ujirani wa dini ni ile ya Chatu. Msafara wa Aziz unavuka ziwa, unafika mji wa mtawala huyo, na mambo yanakwenda vibaya. Chatu anawanyang'anya mali na kuwashikilia. Kabla ya hapo, hata hivyo, anasema. Anawaambia kwamba hakuna aliyewaita, kwamba waliotangulia kama wao waliingia kwa majirani zake wakawakamata watu na kuwachukua, kwamba alishatapeliwa na mmoja wao, na kwamba hana nia ya kungoja aumizwe tena. Maneno yake yanatufikia kupitia mkalimani.

Tuliposoma sura hii, semina iliuita "mgogoro wa kibiashara" na kuendelea. Mimi nasema haya ndiyo majadiliano ya kweli kati ya Waislamu na jirani yao katika riwaya hii, kwa sababu ndiyo pekee ambamo jirani anaieleza hesabu yake. Kalasinga hana dai lolote juu ya Hamid. Chatu analo, na ni la watu waliopotea. Mtu hawezi kuwa mtani wako kabla hamjazungumza juu ya waliopotea. Na tazama jinsi mazungumzo yanavyokatizwa: anakuja Mzungu na askari wake, anasikiliza kwa muda mfupi, anaamuru mali irudishwe. Aziz hajamjibu Chatu. Chatu hajakubali chochote. Aliyeamua ni mtu wa tatu, naye ndiye atakayebaki na nchi. Kwetu sisi tunaoishi kwenye mpaka uliochorwa na watu wa namna hiyo, kati ya Mpondwe na Kasindi, mto Lhubiriha katikati, sura hii haihitaji maelezo.

Je, Gurnah amemtendea haki Chatu? Nusu. Amempa hoja, tena hoja ambayo hakuna mhusika anayeweza kuijibu, na hilo ni jambo kubwa kwa mwandishi aliyezaliwa Unguja. Lakini hakumpa baraza. Hatumwoni Chatu akiwa na rafiki zake usiku, akibishana juu ya wafu wake wanakokwenda. Mambo ya imani ya watu wake tunayapata kwa macho ya wageni, yaani kama hofu. Kicheko kikitokea pale, ni kicheko cha aliyeshika silaha mbele ya mateka. Upande wa pili hauwezi kujibu. Kuna Bati, msichana anayemkalia Yusuf karibu, na kurasa zake ni laini, ila lugha kati yao ni haba na Yusuf anaondoka na msafara. Mwandishi aliyemjalia Kalasinga kurasa nyingi za ubishi angeweza kumpunguzia kidogo akamgawia mtu mmoja wa ng'ambo ya ziwa. Hasa kwa kuwa historia ilimpa mfano: wapagazi, si matajiri wao, ndio walioujenga utani kati ya pwani na bara.

Kuna kitu kingine ambacho riwaya haiwezi kunipa, na silaumu, kwa kuwa si kazi yake. Katika Peponi Mwislamu ni mgeni na mwenyeji ni asiye Mwislamu. Wanaotoa mada za "Waislamu na majirani zao" huichukua picha hiyo wakaileta Kasese kama ilivyo. Haitoshei. Waislamu ni wachache katika Uganda, asilimia 13.7 kwa sensa ya 2014, na mlimani kwetu ni wachache zaidi, lakini si wageni. Mkonzo hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale, msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira. Imamu anaweza kuwa Mumbere na katekista Bwambale, na msikilizaji anajua nani alitangulia kuzaliwa kabla hajajua nani anasali wapi. Kwenye harusi ya Mkristo huitwa Mwislamu achinje, ili asiwepo mgeni wa kushindwa kula. Mwislamu akifa asubuhi anazikwa alasiri, na anayechimba kaburi ni yeyote mwenye jembe. Nyanya yangu, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, ana kaka wa tumbo moja aliyesilimu alipokwenda kufanya kazi Kilembe. Ukimwambia kwamba huyo ni "jirani wa dini nyingine" atakuuliza una wazimu gani.

Ndiyo maana shambulio la Mpondwe liliuma kwa namna ambayo maneno "uhusiano wa dini mbalimbali" hayaifikii. Aliyeanza kutazamwa kwa shaka baada ya hapo alikuwa mjomba. Riwaya ya Gurnah inaeleza vizuri jinsi wageni wanavyoweza kuwa marafiki. Jinsi ndugu wanavyoweza kufanywa wageni kwa usiku mmoja, hilo limo pia, ukilitafuta, ila halimo Olmorog. Limo kwa Yusuf, aliyetolewa rehani na baba yake mwenyewe, kama vile Yusuf wa sura ya 12 ya Kurani alivyotupwa kisimani na kaka zake. Wakristo tunaijua hadithi hiyo kutoka kitabu cha Mwanzo. Ajabu ni kwamba katika semina nzima iliyozungumza juu ya dini hakuna aliyesema kwamba kisa kilichobeba riwaya hii ni mali ya misikiti na makanisa pamoja, na kwamba kinahusu ndugu.

Muhula ujao baadhi yetu tutakwenda mazoezi ya kufundisha, na mimi nimeomba shule ya upande wa Bwera. Mpango wa masomo tulioandaliwa unaanza na mlima na Kalasinga, kwa sababu wanafunzi watacheka, kisha unaruka mpaka bustani ya Aziz. Nimeomba ruhusa ya kuugeuza: nianze na ziwa, na Chatu akisema yake kupitia mkalimani, na niwape wanafunzi kazi ya kumwandikia Aziz jibu ambalo riwaya haikumpa. Darasa lile lina akina Masika wa msikitini na akina Masika wa kanisani. Kalasinga atasubiri mpaka juma la tatu.